Hanin Wawili

Kuze, Mombasa, 4 Mei 1999

Kaka Bassam, nipigie hii kwenye kompyuta yako kama ilivyo, tafadhali. Usicheke.

Mume wangu Faraj,

Assalaam alaykum. Naanza kwa salamu kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa, lakini kusema kweli salamu zinanichelewesha. Nina hamu nawe. Haya, nimeliandika. Bassam atalipiga pale dukani kwake, wewe utalisoma Maskati saa hiyo hiyo, na mimi sijui uso niuweke wapi.

Tulifunga nikaha mfungo mosi, ukakaa wiki moja, ukarudi kazini. Wiki nzima hatukupata kukaa peke yetu hata kiasi cha chai kupoa. Kila ulipokuja, Shangazi Mona alikuwa katikati yetu na kofia yake anayoidarizi, na nadhani kofia ile alikuwa akiifumua kila jioni ili asiimalize. Watu wananiita mke wa mtu. Mke gani hajui kama mumewe anakoroma au hakoromi?

Hapa nyumbani wanasema nitafanyiwa harusi na kuingizwa ndani ukirudi, na ukirudi ni ukirudi, hakuna anayetaja mwezi. Mimi nakuuliza: lini? Watu wakitoka msikitini alasiri nasimama dirishani juu, na kila mwenye mabega kama yako naudhika naye kwa kuwa si wewe.

Nimeanza chuo cha Kiingereza na taipu, karibu na barabara ya Digo, ili siku zipite. Hazipiti. Niandikie maneno mengi.

Wako,
Hanin


Imetumwa kwa kompyuta ya duka la Bassam, Ndia Kuu, 5 Mei 1999

Kwa mume wangu mheshimiwa Faraj,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai u mzima wa afya na kazi inaendelea vyema. Sisi sote hatujambo. Mama hajambo, Shangazi Mona hajambo, na kaka Bassam hajambo na anakusalimu sana. Mvua za masika zimenyesha vizuri. Bei ya nyanya imepanda pale Marikiti. Nimeanza chuo cha Kiingereza na taipu, na ninajitahidi katika masomo. Usiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Wassalaam,
Hanin


Maskati, 9 Mei 1999

Mke wangu Hanin,

Waalaykum salaam. Nimeipata barua yako hapa ofisini, nikaisoma wakati wa chakula cha mchana, nikairudia nikitafuta mahali uliponitaja mimi. Nimefurahi kupata habari za nyanya. Sikulaumu, najua umelelewa kwa heshima na heshima haina mdomo mrefu. Basi nitaanza mimi, ingawa si hodari wa maneno.

Siku niliyoondoka ulikuja na mama yako mpaka mlangoni ukasimama nyuma yake. Uso sikuuona. Niliona mkono wako tu umeshika upindo wa buibui. Mkono huo ndio niliokuja nao huku, na nikiwa naandika makaratasi ya shehena huwa nauona.

Sasa sikiliza, nina jambo. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Julai. Mkubwa wa kazi anataka nitie sahihi miaka miwili mingine. Nikikataa, Agosti niko Mombasa, tunaanza maisha na hicho kidogo nilicho nacho. Nikikubali, tutapata nyumba yetu, lakini ni miaka miwili. Sitaki kuamua peke yangu. Neno lako moja linanitosha. Ukisema njoo, nakuja.

Mumeo,
Faraj


Kuze, 14 Mei 1999

Kaka Bassam, hii pia kama ilivyo.

Faraj,

Barua yako nimeletewa nusu. Karatasi imekatwa kwa makasi chini ya ule mstari wa mkono na buibui. Bassam anasema mashine ya kuchapia iliitafuna sehemu ya chini, akaikata ili ipendeze. Hiyo nusu yenyewe nimeisoma mpaka mama akaniuliza kama ni dua. Nimeutazama mkono wangu nikashangaa kwamba mkono huu huu unaokuna nazi uko Maskati unatembea.

Kama huko chini kulikuwa na jambo, niambie tena. Nilikuuliza utarudi lini, nalo sijaliona jibu lake. Sitauliza mara ya tatu, nina haya zangu. Lakini rudi.

Nikuchekeshe kidogo. Mwalimu Joy wa chuoni kwetu amepata kitabu kipya kutoka ng'ambo, na sura tuliyoanza nayo ni maneno ya Kiingereza ya kuzungumzia uhalifu wa kwenye intaneti. Darasa zima hakuna aliyewahi kuigusa hiyo intaneti. Chuo kina kompyuta moja iliyounganishwa na simu, nayo imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi. Kwa hiyo tunajifunza kuibiwa kabla ya kujifunza kutumia. Password ni neno lako la siri la kufungulia, na akilijua mwenzako ndiyo umempa ufunguo wa nyumba. Hacker ni mvunjaji anayeingia bila kugusa mlango. Victim ni yule aliyetendewa ubaya. Impersonation ni mtu kujifanya mtu mwingine akaandika kwa jina la mwenzake.

Mwalimu Joy anasema ukitaka neno likukae, litie katika habari ya maisha yako mwenyewe. Nilijaribu nikashindwa. Maisha yangu hayana mwizi, yana shangazi tu.

Nakungoja,
Hanin


Imetumwa kwa kompyuta ya duka la Bassam, Ndia Kuu, 15 Mei 1999

Kwa mume wangu mheshimiwa Faraj,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nzuri imefika nami nimeielewa. Kuhusu mkataba, wewe ndiye mwanamume na ndiye mjuzi wa mambo ya kazi. Amua unavyoona. Mimi sina neno.

Chuoni tumefundishwa maneno ya Kiingereza ya uhalifu wa intaneti nayo ni password, neno la siri, hacker, mvunjaji, victim, aliyetendewa, na impersonation, kujifanya mtu mwingine. Kaka Bassam anasema ni maneno yenye faida kwa biashara za siku hizi. Bei ya nyanya imeshuka.

Wassalaam,
Hanin


Maskati, 8 Julai 1999

Mke wangu Hanin,

Barua hii anakuletea Mahfudha, mke wa mwenzangu wa kazini, anayekuja Mombasa kwa harusi ya dada yake. Nimeiandika kwa mkono ili angalau uone mwandiko wangu. Udi ulio kwenye mfuko ni wako, usimpe mtu hata kidogo.

Tangu Mei nangoja ubadilishe maneno. Nilikuuliza nije au nikae, ukanijibu kwamba niamue mwenyewe, wewe huna neno. Niliposoma nilitoka nje nikasimama juani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Sikukasirika. Niliona tu kwamba kutamani natamani peke yangu. Barua zako zote tangu hapo ni nzuri, hakuna hata moja ambayo siwezi kumsomea mkubwa wa kazi. Mwanamume hataki barua za namna hiyo kutoka kwa mkewe, Hanin. Samahani kwa kulisema.

Kama ndivyo unavyotaka, Jumamosi tarehe thelathini na moja nitatia sahihi.

Maneno yako ya Kiingereza yamenifaa sana. Kuna mtu asiyejulikana aliandika kwa jina la mkubwa wetu, kwenye kompyuta, akaamuru shehena ya matairi itolewe ghalani. Ikatolewa, haijaonekana tena. Sasa tumekatazwa kuamini barua yoyote ya anwani ngeni. Tukiipata, tusiijibu, tuulize kwanza kwenye anwani tunayoijua. Yule Mwingereza aliyekuja kutueleza alipotaja impersonation, ofisi nzima ilitazamana. Mimi peke yangu niliyejua, kwa kuwa mke wangu alinifundisha. Nilijisikia vizuri siku ile.

Mumeo,
Faraj


Nyumbani, 17 Julai 1999

Kaka Bassam,

Shikamoo. Karatasi hii nimeiweka chini ya kawa la chakula chako kwa sababu nikikwambia kwa mdomo nitalia, na nikilia utaniambia ninyamaze majirani wanasikia.

Sijawahi kumwambia Faraj kwamba sina neno. Sijawahi kuulizwa. Alichokiuliza ndicho kile kilichotafunwa na mashine yako. Sijamwandikia habari za nyanya hata siku moja. Miezi hii yote nilikuwa nikienda chuoni kukariri maneno ya wizi, kumbe mwizi tunakula naye sinia moja.

Anataka kukaa miaka miwili mingine kwa sababu yako. Leo hii mwandikie, kwa jina lako, umweleze ulilofanya. Na barua zangu nirudishie.

Dada yako,
Hanin


Dukani, Ndia Kuu, 17 Julai 1999

Dada yangu Hanin,

Nakujibu kwa kuwa umeandika, wala si kwa kuwa nina la kujitetea.

Baba alipofariki, walii wako nilikuwa mimi. Siku ya nikaha wewe ulikuwa ndani na wanawake. Mimi ndiye niliyekaa goti kwa goti na Faraj mbele ya watu, nikamshika mkono, nikasema nimekuozesha. Hakuna aliyesimama akasema Bassam amejifanya Hanin. Watu waliitikia dua, wakala halua, wakaenda zao. Iweje kukusemea msikitini kuwe ni heshima na kukusemea kwenye kompyuta kuwe ni wizi?

Wewe uliandika mambo ambayo mimi, kaka yako, siwezi kuyapiga kwa vidole vyangu. Unamwuliza mtu kama anakoroma. Hapa dukani wateja wananisimamia nyuma ya kiti wakisoma. Nilikutengenezea. Mwari anayemwita mumewe kwa pupa kabla ya kuingizwa ndani, ukweni wamweke daraja gani? Miaka miwili itapita na utakuwa na nyumba yako, utanishukuru.

Siandiki chochote. Na kompyuta ni yangu.

Kaka yako,
Bassam

Samaki alikuwa mzuri.


Imetumwa kwa kompyuta ya chuo, 20 Julai 1999

Faraj,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Zote ulizopata kabla ya hii ni za Bassam. Mimi niliandika kwa mkono nikampa azipige, akawa anatoa yangu na kutia yake. Habari za nyanya ni zake. "Sina neno" ni yake. Swali lako la mkataba sikuliona mpaka Mahfudha aliponiletea barua yako, na nilipofika pale unaposema umesimama juani, nilikaa chini sakafuni na buibui langu.

Mwalimu Joy ameondoa kile kitambaa, akanifungulia anwani yangu mwenyewe, na nilipokuwa nachagua password aligeuza uso ukutani. Napiga kwa vidole viwili. Kuna foleni nyuma yangu lakini hawanisomi, nimewaomba.

Usitie sahihi, Faraj. Njoo. Sijui kama ni adabu kusema hivyo, nimechoka na adabu. Nina hamu nawe mpaka mama akiniita simsikii mara ya kwanza. Nina hamu na mtu ambaye simjui, hilo ndilo linalonitia wazimu. Laiti ningekuwa nakujua ningekuwa na kitu cha kukumbuka, nikatulia nacho. Sitaki nyumba ya ghorofa. Nataka kukusikia ukikohoa chumba cha pili nikajua ni wewe.

Darasani nilishindwa kumpata victim katika maisha yangu. Nimempata, ni mimi, na wa pili ni wewe. Nijibu hapa, usinijibu kwa Bassam. Nitakuja chuoni kila siku kuangalia.

Hanin


Maskati, 24 Julai 1999

Shemeji yangu Bassam,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa jambo la siri tena la aibu, nawe ndiye mtu wa kwanza ninayekuamini katika nyumba ile.

Nimepata barua kutoka anwani nisiyoijua. Mtu huyo anajiita Hanin. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia siku zote kwa jina la dada yako. Anajua mambo ya kwenu, lakini hayo Kuze nzima inayajua. Amemtaja hata Mahfudha, lakini huyo naye amekwisha kuonekana mtaani na mfuko wa udi. Ameligusa hata neno la barua niliyompa Mahfudha, lakini barua iliyosafiri mfukoni mwa mtu huweza kusomwa njiani.

Nilitaka kumjaribu. Nikatafuta jambo moja la kumwuliza, tulijualo mimi na mke wangu tu. Nimelitafuta siku tatu, shemeji. Hakuna. Kila tulilozungumza, tulizungumza mbele ya Shangazi Mona. Mimi na mke wangu hatuna siri hata moja.

Hanin ninayemjua mimi ni mtulivu, maneno yake ni ya kupimwa. Huyu anasema ana hamu nami, anasema nisitie sahihi, nije. Nikueleze ukweli: nilipoisoma nilitaka iwe yake kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Ndiyo maana siiamini. Hapa kazini tumefunzwa kwamba mdanganyifu haandiki lolote tu, anaandika lile unalolitamani, na mkubwa wetu alipoteza matairi kwa namna hiyo hiyo. Sikumjibu. Nimefuata tulivyoagizwa, nauliza kwenye anwani ninayoijua.

Barua yake nimeinakili hapa chini. Isome uniambie. Ni yeye? Nangoja mpaka Jumamosi asubuhi.

Shemeji yako,
Faraj


Imetumwa kwa kompyuta ya chuo, 28 Julai 1999

Faraj,

Nimekuja jana, juzi na leo. Mwalimu Joy sasa hasubiri niulize, ananitikisia kichwa tangu mlangoni. Labda kompyuta yako imeharibika. Labda umekasirika. Kasirika, lakini niandikie kwamba umekasirika.

Hanin


Imetumwa kwa kompyuta ya duka la Bassam, Ndia Kuu, 2 Agosti 1999

Faraj,

Ni yeye.

Barua yako niliiona tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Kila asubuhi nilifungua duka, nikafungua kompyuta, nikakuandikia kwamba si yeye, kisha nikashindwa kuituma. Kuandika kwa jina la dada yangu niliweza miezi yote ile bila moyo kunipiga. Kuandika kwamba yeye si yeye, mkono umekataa. Wakati huo huo tulikuwa tunakula pamoja, naye hali; anakata mkate vipande vidogo anavipanga kando ya sahani. Mama anadhani ana homa.

Najua Jumamosi imepita. Nilikuwa nangoja ipite. Hilo ndilo ovu langu, Faraj. Yale mengine nilidhani ni uwalii, na mpaka leo sehemu ya moyo wangu inadhani hivyo, lakini hili la kungoja Jumamosi halina jina jingine.

Hamu ni yake, na alikuwa nayo tangu barua ya kwanza. Alikuuliza utarudi lini, nikatoa. Alikuuliza kama unakoroma, nikatoa. Barua zake za mkono zipo zote, nimezitia bahasha na leo nazipeleka posta. Utaona nilivyokata mistari kwa wino mwekundu. Soma chini ya wino.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuomba tukionana.

Bassam


Maskati, 4 Agosti 1999

Hanin,

Nisamehe. Nilikuwa na barua yako mkononi nikaenda kumwuliza aliyekuibia kama umeibiwa. Ya pili nayo niliipata, ile ya kusema kasirika, nikaifungia kwenye mtoto wa meza nisiitazame, kwa sababu kila nikiitazama nilikuwa nakuandikia jibu kichwani.

Nilitia sahihi Jumamosi. Bassam hakujibu, nikachukua kimya chake kuwa ni jibu. Ofisini walinipa mkono na soda. Jumatatu nikapata barua yake, nikaenda kwa mkubwa wa kazi kumwomba karatasi ile irudi. Akasema imekwisha pelekwa, na nikiivunja, nitaondoka nchi hii nisiruhusiwe kurudi. Aliniuliza sababu. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni victim wa impersonation. Akauliza nimeibiwa shehena gani. Kitabu cha Mwalimu Joy hakina jina la kitu hicho.

Barua ile ya tarehe ishirini naisoma kila siku. Pale unaposema kukohoa chumba cha pili, kuna chumba cha pili hapa, hakina mtu.

Basi sikiliza, na mara hii iwe ni wewe unayesikiliza. Karatasi niliyotia sahihi ina jambo moja jema. Aliyekubali miaka miwili anaruhusiwa kumleta mkewe. Sikukwambia mapema kwa sababu yule Hanin mwingine nilimwogopa, ningemwambia aje angeniuliza bei ya nyanya za Maskati. Najua hujaingizwa ndani. Haikupigwa ngoma, hukuonyeshwa kwa watu, na mwari wa Kuze kumfuata mume ng'ambo kabla ya harusi yake ni maneno ya mwaka mzima mabarazani. Kwa desturi hili nilipaswa kumwuliza walii wako. Simwulizi. Nakuuliza wewe.

Utakuja? Ukisema hapana nitakuelewa, nami nitakuandikia kila siku mpaka miaka hiyo miwili iishe. Kuhusu kukoroma, sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Faraj


Imetumwa kwa kompyuta ya chuo, 11 Agosti 1999

Faraj,

Barua yako niliipata Alhamisi, nikatembea kutoka chuoni mpaka Kuze nikapitiliza mlango wa kwetu. Nilikwenda mpaka ng'ambo ya mtaa, nikarudi.

Niliwaambia wote baada ya chakula cha mchana, mama, Shangazi Mona na Bassam. Bassam alitazama sinia. Shangazi Mona ndiye aliyesema yale uliyoyatabiri: watu, mabaraza, mwari asiyeonyeshwa, na kwamba marehemu baba asingekubali. Alisema mpaka akachoka. Mama alikuwa akinitazama tu. Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe wasemaje, mwanangu?"

Faraj, sikuwahi kuulizwa hivyo katika nyumba ile. Siku ya nikaha alitumwa mtu mlangoni kuuliza kama nimeridhika, nikanyamaza, kwa kuwa mwari akinyamaza ndiyo ameridhika, na wanawake wakapiga vigelegele juu ya kimya changu. Mama aliponiuliza nilifungua kinywa nikawa sijui sauti inaanzia wapi. Nikasema, "Nitakwenda." Haikuwa sauti nzuri. Mama akainuka, akaenda kufungua sanduku lake, akaanza kutoa leso.

Sasa Shangazi Mona amegeuka. Anasema kama ni kwenda, sitoki bila singo na hina, harusi au si harusi, na leo tangu asubuhi wanatwanga liwa ya kunisugulia mwili. Bassam ameshughulikia pasipoti bila kuambiwa. Jana alisimama mlangoni kwangu, akasema anataka kunisindikiza mpaka Maskati anikabidhi mkononi mwako kama inavyompasa walii. Nilimwona amezeeka. Nikamwambia hapana, anifikishe uwanja wa ndege wa hapa Mombasa, basi. Akaitikia kwa kichwa. Sijamsamehe vizuri bado, lakini nilimkatia papai akala.

Nina hofu, na ni bora uijue. Umemzoea mwanamke mtulivu wa maneno ya kupimwa. Huenda ukamtamani, alikuwa na heshima kuliko mimi. Mimi nasema sana, nakasirika upesi, na nikikuona huenda nikashindwa kusema hata salamu. Hatujuani, Faraj. Tutakuwa watu wawili wageni kwenye vyumba viwili, na mimi nautaka ugeni huo kuliko jambo lolote duniani.

Nitafuatana na Mahfudha, anayerudi kwa mumewe. Karatasi zako za ruhusa zikifika kwa wakati, tutashuka Maskati Alhamisi tarehe kumi na sita Septemba, alasiri. Mume wa Mahfudha atakuja na gari kumchukua mkewe, na nakujua sasa, utaona kwa kuwa uko kazini umwombe anichukue na mimi.

Usimtume mtu. Njoo mwenyewe.

Hanin